Shaba katika Bawa la Kulukulu

Wajukuu wangu, hadithi za sungura Kalulu mnazijua. Mnyama anafanya ujanja asubuhi, anakatwa mkia mchana, na kufikia bukari la jioni ukoo wake wote una mikia mifupi. Hadithi hizo ni tamu, wala sitaki kuwanyang'anya. Kasoro yake ni moja tu: zina haraka mno. Leo nawapa hadithi isiyo na haraka, na mimi naiona tamu zaidi kwa sababu ni ya kweli.

Kuna ndege anaitwa kulukulu. Hapa jimboni Lualaba hupenda miti mikubwa ya kandokando ya mito, hasa yenye matunda. Mmoja ana mwili wa zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, kishungi chekundu na mdomo wa njano. Mwingine ni wa kijani. Akitulia tawini wekundu wa mabawa huuoni vizuri, lakini akiruka tu mabawa yanafunguka na rangi inawaka kama moto wa makala uliopulizwa.

Mwaka 1869 mkemia Mwingereza Arthur Church alichapisha uchunguzi wake kuhusu rangi hiyo. Ndege wengi wekundu hupata wekundu wao kwa namna nyingine. Ndani ya rangi ya kulukulu Church alikuta shaba, tena si ya kubahatisha: karibu sehemu 6 katika kila 100 za uzito wake. Shaba yenyewe, ile inayopita barabarani kwenye malori kuelekea mpaka wa Kasumbalesa!

Najua mnachowaza. Ndege wa nchi ya shaba, bawa la shaba. Basi ardhi yetu ndiyo iliyompaka rangi. Shikeni wazo hilo, msiliache, lakini msiliamini bado. Kwanza tutoke mjini Kolwezi.

Tukiingia porini, kwenye msitu wa miombo, mtaona vichuguu. Baba zenu wamefyatua matofali kwa udongo wake, nanyi mmepanda juu yake na kuteleza. Vile vikubwa kabisa vya Katanga vinaweza kufika mita 8 kwenda juu, na aliyevijenga ni mchwa anayeweza kuenea juu ya kucha yako. Mwaka 2015 wanasayansi walitoa matokeo ya kupima umri wa vichuguu vichache vya nchi ya Lubumbashi. Kimoja, kilichokwisha kuhamwa, kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000. Hesabuni wenyewe ni wafalme wangapi wamekuja na kuondoka wakati kile kilima kimesimama pale pale.

Kwa nini mchwa ajisumbue hivyo? Mtazameni mwili wake. Mchwa mfanyakazi ni kipofu, ngozi yake ni laini na nyembamba, na jua likimpata anakauka. Na nchi yetu haina huruma kwa mwili wa namna hiyo. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hakuna. Juni na Julai usiku ni baridi ya kutafuta blanketi la pili, kwa sababu Kolwezi iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kisha inakuja Oktoba na joto lake. Mnyama mwingine angekuza ngozi nene au manyoya. Mchwa hakupata ngozi nene, alipata tabia ya kujenga. Ndani ya kichuguu hewa ina unyevu, na katikati, panapoishi malkia na watoto, joto halichezi sana hata nje pakiwa na baridi.

Humo ndani kuna shamba pia. Mti mkavu ni mgumu kusagwa na tumbo, hata tumbo la mchwa. Basi huyu wetu anautafuna, anaupeleka chini na kuotesha juu yake uyoga mweupe mdogo, ambao unaulainisha mti mpaka unakuwa chakula. Uyoga unahitaji nyumba yenye joto na unyevu, mchwa anahitaji tumbo la pili. Kila mmoja akitenganishwa na mwenzake anakufa. Mvua za kwanza zikinyesha, baadhi ya uyoga huo hutokeza nje, na upo wa aina ambayo kofia yake inaweza kukaribia mita moja kwa upana. Wauzaji wa barabarani wanaujua, wala hawangoji mwanasayansi awaambie umetoka wapi.

Mvua hizo hizo ndizo zinazowatoa kumbikumbi. Vichuguu vingi vinawarusha kwa wakati mmoja, udongo ukiwa laini wa kuchimbika. Kuku wanakula, vyura wanakula, nanyi mnakula, na bado wanabaki wa kuanzisha koo mpya. Kutoka wote kwa mara moja ndiyo silaha ya asiye na silaha.

Lakini palipo na ghala hapakosi mwizi. Muhanga hutoka usiku. Ana makucha ya kuvunja udongo uliokauka na ulimi mrefu wenye ute wa kunata, na pua zake anaweza kuziziba vumbi lisiingie. Kakakuona amekwenda mbali zaidi, hana jino hata moja. Humeza vijiwe pamoja na mchwa, tumbo likawa ndilo linalosaga. Magamba yake ni ya kitu kile kile kilichounda kucha zenu, na akitishwa anajikunja duara hata simba akabaki anamgeuzageuza bila kupata mahali pa kuuma. Ulinzi huo ulimtosha kwa mamilioni ya miaka. Kwa mtu haumsaidii kitu, maana mtu anamwokota vile vile alivyojikunja na kumtia kwenye gunia.

Sasa tufuate maji. Mto Lualaba ukitoka kwetu unapita bwawa la Nzilo, unateremka makorongo, ukifika Bukama unatulia na kumwagika katika nchi ya maziwa na matete: ziwa Upemba, ziwa Kisale na mengine mengi. Sehemu ya nchi hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Huko shida si ukame peke yake. Maji hupanda yakafunika kila kitu, kisha hushuka yakaacha matope, na maji yaliyojaa mimea inayooza huwa na hewa kidogo sana.

Kambale analijua hilo. Juu ya mashavu yake ana kiungo chenye matawi kama mti mdogo, na kwa hicho huvuta hewa ya juu ya maji. Ndiyo sababu anakaa hai kwenye beseni la sokoni wakati samaki wengine wameshakata roho.

Kamongo ndiye bingwa. Huyu ana mapafu. Ukimzuia asipande kuvuta hewa, samaki huyo anakufa maji! Dimbwi likikauka anachimba matope kwa mdomo, anajikunja kichwa kikiwa juu, na ute wa ngozi yake unakauka ukawa mfuko unaomfunika wote isipokuwa tundu dogo mdomoni. Humo anakaa miezi, hali wala hanywi, akijila misuli yake taratibu. Hatari kubwa ni uchafu wa mwili wake mwenyewe. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na kwa kawaida maji huichukua. Kwenye mfuko hakuna maji. Kamongo anaigeuza amonia kuwa yurea, ile iliyomo kwenye mkojo wetu, ambayo sumu yake ni ndogo sana, anaihifadhi mwilini mpaka mvua irudi. Mtaalamu wa figo Mmarekani, Homer Smith, aliwachunguza kamongo wa Ziwa Victoria na kuvutiwa nao kiasi cha kuandika kitabu mwaka 1932 akakiita kwa jina lao, Kamongo.

Kwenye matete hayo kuna pia nzohe, swala wa vinamasi. Kwato zake ni ndefu na zinapanuka, hivyo hazami kwenye matope. Akifukuzwa anaingia majini mpaka kinabaki kipua tu. Kwenye ardhi ngumu anatembea vibaya, kama aliyeazima viatu.

Mjukuu mmoja ataniuliza: nzohe alijuaje kwamba anahitaji kwato ndefu? Hakujua. Hapa ndipo hadithi yangu inapoachana na ya Kalulu. Hapo kale katika kundi la swala wa kinamasi walizaliwa wenye kwato fupi kidogo na wenye kwato ndefu kidogo, kama ninyi mlivyozaliwa na vidole tofauti. Simba alipowakimbiza matopeni, wa kwato fupi walikwama zaidi na kuliwa. Waliobaki walizaa watoto waliofanana nao. Rudieni hivyo mara maelfu na maelfu. Kwato hizo ni nzuri, lakini msisahau zimelipiwa na wengi walioliwa.

Tena msichanganye hilo na mwili wa mtu mmoja unaozoea kazi. Mchimbaji akishika sururu mwaka mzima, viganja vyake vinakomaa. Mtoto wake akizaliwa ana viganja laini kama vya mtoto wa mwalimu.

Turudi kwa kulukulu. Kama ardhi ya shaba ndiyo iliyompa rangi, tungemkuta kwenye nchi za shaba peke yake. Lakini ndugu zake wenye mabawa mekundu wako Uganda, Kenya, Kamerun, kwenye misitu isiyo na mgodi hata mmoja. Wote wanapata shaba yao kidogo kidogo kutoka kwenye matunda na majani wanayokula, kisha mwili unaikusanya bawani. Wazo lile lilikuwa zuri, ila halikuwa kweli.

Ukweli wenyewe unashangaza kuliko wazo. Shaba imo ndani ya kila mnyama. Imo ndani yenu. Damu yenu hubeba hewa kwa chuma, ndiyo maana ni nyekundu, lakini konokono, kaa wa mtoni, nge na buibui hubeba hewa kwa shaba, na damu yao ikipata hewa huwa ya buluu. Mwili unaidai shaba, kwa kiasi kidogo. Ikizidi ni sumu, na anayeumia upesi ni samaki. Samaki wa mtoni hunyonya chumvi kutoka majini kwa mashavu yake, na shaba nyingi huziba mlango huo. Chumvi inatoka mwilini wala haiingii, mpaka moyo unashindwa.

Je, samaki wa mito yetu hawawezi kuzoea? Kuna mahali jambo hilo limetokea. Huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, watu walichimba bati na shaba kwa karne nyingi, na katika mto Hayle wanaishi samaki aina ya trauti kwenye maji ambayo yangewaua trauti wa mito mingine. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walionyesha kwa vipimo vya DNA kwamba ukoo huo ulianza kutengana na wenzake karibu miaka 960 iliyopita, na ukabanwa tena kama miaka 150 iliyopita, migodi ilipokuwa mingi. Walionusurika wamekuwa wagumu, ila tofauti kati yao zimepungua; ugonjwa mpya ukija hawana akiba kubwa ya kuchagua.

Kolwezi ilianzishwa kama mji wa migodi mwaka 1937. Haijatimiza hata miaka 100. Na sumu ikija kwa mkupuo, muda wa kuzoea haupo kabisa. Februari 2025, kwa jirani zetu Zambia, ukuta wa bwawa la taka za mgodi ulibomoka, maji ya asidi yakaingia mto Mwambashi na kufika Kafue. Samaki walielea wakiwa wamekufa. Miongoni mwao huenda walikuwamo waliozaliwa wagumu kidogo kuliko wenzao. Siku ile ugumu kidogo haukutosha.

Basi nawaomba jambo moja. Mkikuta samaki wanaelea kwenye mto unaopita karibu na migodi, msiwaokote hata kama wanaonekana wazima, kwa maana madini hubaki kwenye maini na figo zao, na moto wa jikoni hauyatoi. Angalieni ni mto gani na siku gani, mkawaambie mwalimu na wazee wa mtaa siku hiyo hiyo.