Barakoa ya Kitambaa: Namna ya Kuitengeneza Nyumbani

Baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kuthibitishwa nchini mwezi Machi 2020, uvaaji wa barakoa ulisisitizwa katika masoko, vyombo vya usafiri na nyumba za ibada. Hata hivyo, barakoa za hospitali hutumika mara moja tu, na si kila familia inayomudu kuzinunua kila siku. Aidha, wakati huo zilihitajika kwanza kwa wahudumu wa afya na waliouguza wagonjwa. Kwa mtu mwenye afya njema, katika shughuli za kawaida, barakoa ya kitambaa inafaa: huzuia matone ya mate yatokayo mtu anapozungumza, kukohoa au kupiga chafya.

Mahitaji

• Kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kama vile kitenge, khanga au shuka. Kiinue kwenye mwanga; kikipitisha mwanga mwingi, ni chepesi mno.
• Mfuko mbadala mpya usio na maandishi, wa aina iliyoenea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019.
• Lastiki mbili za sentimita 15, au kamba nne za kitambaa za kufungia kisogoni.
• Mkasi, sindano na uzi.

Hatua za kufuata

1. Fua kitambaa na ukikaushe, ili kisipungue baada ya kushonwa.
2. Kata vipande viwili vya kitambaa vya sentimita 25 kwa 15, na kimoja cha mfuko cha sentimita 20 kwa 12.
3. Weka vitambaa viwili pamoja, upande mzuri ukiwa ndani. Shona pande mbili ndefu, lakini katika upande mmoja acha uwazi wa sentimita 8. Kisha geuza.
4. Kunja kila upande mfupi kwa sentimita moja na kidogo, ushone, na upitishe lastiki ndani ya pindo. Funga fundo na ulifiche.
5. Ingiza kipande cha mfuko kupitia uwazi ulioachwa.

Barakoa sahihi hufunika pua, mdomo na kidevu bila kuacha nafasi pembeni, na mvaaji hupumua bila shida.

Matunzo

Nawa mikono kabla ya kuivaa na baada ya kuivua, na uishike kwa lastiki tu. Ifue kila siku kwa sabuni na maji ya moto, kisha ianike juani. Ukitaka kuipiga pasi, toa kwanza kipande cha mfuko, kwa kuwa huyeyuka. Kila mwanafamilia awe na barakoa zake, zisiazimwe.

Tahadhari

Mtoto aliye chini ya miaka 2, mtu mwenye shida ya kupumua na asiyeweza kuivua mwenyewe wasivalishwe barakoa. Anayemuuguza mgonjwa nyumbani aombe ushauri zahanati, kwani kitambaa pekee hakimtoshi. Vilevile, mkulima asiitegemee anapopulizia viuatilifu shambani: haizuii sumu.

Barakoa haichukui nafasi ya kunawa mikono wala kuepuka msongamano. Kwa maelezo zaidi, mwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji au mtaa wako, au piga simu namba 199 bila malipo.