Uongozi wa Mwanamke na Furaha ya Kazi

Katika mafunzo ya itikadi wilayani Ngara na Biharamulo huulizwa: je, walimu hufurahia kazi zaidi wakiongozwa na mwanamume au mwanamke? Swali hili limewekwa vibaya. Linatafuta chanzo cha furaha katika maumbile ya kiongozi, badala ya kukitafuta katika uhusiano wa watu kazini.

Historia yetu ina jibu. Ibara ya 15 ya Mwongozo wa TANU wa 1971 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na ukandamizaji. Kati ya 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waligoma wakiishika ibara hiyo. Hawakudai mshahara tu. Walikataa kudharauliwa na mameneja. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifikia hatua ya kukitwaa kiwanda. Kumbe kinachoua furaha ya kazi ni ubwana, na ubwana huweza kuvaa suruali au kitenge.

Tuitazame shule. Mwalimu aliyepangwa Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi, au Lusahunga wilayani Biharamulo, yuko mbali na makao makuu ya wilaya. Ruhusa ya kufuatilia madai yake na mgawanyo wa vipindi hupitia kwa Mwalimu Mkuu. Elimu bila ada ilipoanza 2016, wanafunzi waliongezeka na mzigo ukawa mzito. Mkuu anayeugawa kwa upendeleo huvunja mioyo; anayeugawa kikaoni, kwa hesabu ya wazi, huijenga.

Je, basi hakuna haja ya kuwainua wanawake? Hilo ni kosa la pili. Haki ya kuongoza haingoji kuwapendeza wanaoongozwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliagiza wanawake wasiopungua 3 kati ya wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji; haikuuliza kwanza kama wanaume watafurahi.

Lakini cheo peke yake si ukombozi. Azimio la Arusha la 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko wote, mara nyingine saa 12 au 14 kwa siku. Mwalimu Mkuu mwanamke anayerudi nyumbani akakuta maji hayajachotwa na migomba inamngoja ana zamu mbili. Akichoka, huambiwa wanawake hawawezi. Akisimamia kanuni, huitwa mkali. Mwanamume akifanya hivyo husifiwa kwa msimamo.

Wajibu wa kada ni huu. Kwanza, kumpima kiongozi kwa matendo yake, si kwa jinsia yake. Pili, kutetea vikao vya kweli kazini, ambamo wa chini husema bila woga. Tatu, na hili ndilo gumu, kuanzia nyumbani kwake: kada anayehubiri usawa jukwaani huku mkewe akibeba kazi zote za nyumba hajauelewa ujamaa.