Fahamu: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina maana gani kwa Oicha?

Kando ya Barabara ya Taifa namba 4 mjini Oicha, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mbegu za kakao zimeanikwa juu ya turubai, na harufu yake kali kama siki inaingia hadi vyumbani. Kakao nyingi ya eneo hili la Beni huvuka kwenda Uganda kupitia mpaka wa Kasindi. Biashara hiyo ni ya zamani. Kipya ni mkataba. Tarehe 8 Aprili 2022, jijini Nairobi, Kongo ilitia saini kujiunga na Jumuiya, ikawa mwanachama wa saba.

Jumuiya, yenye makao Arusha, ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Lengo ni bidhaa na watu wa nchi wanachama wavuke mipaka bila vikwazo.

Wengi huchanganya jambo moja. Wanajeshi wa Uganda wanaopambana na waasi wa ADF bega kwa bega na FARDC, jeshi la Kongo, tangu Novemba 2021 hawakutumwa na Jumuiya. Hayo ni makubaliano ya Kampala na Kinshasa, kama ulivyo mradi wa barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80. Na bila usalama, mkulima wa Oicha hafiki hata shambani kwake, sembuse sokoni Kasindi.