Kizunguzungu katika Michezo ya Uhalisia Pepe: Tatizo la Kipimo

Mchezaji aliyevaa miwani ya uhalisia pepe hujiona akikimbia, ilhali sikio la ndani huuarifu ubongo kwamba ameketi. Kwa mujibu wa nadharia ya mgongano wa hisi iliyofafanuliwa na Reason na Brand (1975), tofauti hiyo ndiyo huzaa kichefuchefu. Wabunifu hukipunguza kwa kufinya upeo wa macho wakati wa mwendo.

Ugumu unaotushughulisha zaidi umo katika kuipima nafuu hiyo. Hojaji ya Kennedy na wenzake (1993) ina dalili 16, kila moja ikipewa alama 0 hadi 3. Tatu kati yake ni kizunguzungu macho yakiwa wazi, kizunguzungu macho yakiwa yamefumbwa, na kupotewa na hisia ya juu na chini. Katika Kiswahili cha kila siku, zote huitwa kizunguzungu. Dalili hizo zimo katika kundi la kupotewa na mwelekeo, ambalo jumla yake huzidishwa kwa 13.92. Basi mshiriki anayejibu “kidogo” mara tatu kwa hisia ileile moja huandikiwa 41.76 badala ya 13.92, na mchezo huonekana mbaya kuliko ulivyo. Tafsiri ya neno kwa neno, kwa maoni yetu, haitoshi. Msaili hana budi kumwomba mshiriki afumbe macho kwanza, ndipo ajibu.