Kujaza risasi nyumbani: Hesabu yaelekea .38

Nchini Marekani sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejaza upya maganda ya risasi kwa matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuziuza ndipo anapotakiwa kuwa na leseni ya mtengenezaji, ambayo ada yake ni dola 30 kwa miaka 3. Mwanya huo umezaa soko zima la mashine ndogo za mezani, baruti, fataki na vichwa vya risasi. Anayeingia sokoni kwa mara ya kwanza hukutana na swali moja kabla ya mengine: anunue rivolva ya kipimo gani?

Wengi hulijibu kwa kutazama nguvu ya silaha. Mwenye jicho la biashara huanza na gharama ya risasi moja.

Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki, baruti na kichwa. Tatu za mwisho huteketea au kupotea kila inapopigwa. Ganda hubaki, nalo likinunuliwa jipya kwa kawaida ndilo ghali kuliko yote, hivyo ndilo mtaji wa kudumu. Hapo rivolva inaipita bastola ya magazini, ambayo hutupa maganda majanini. Rivolva huyashika katika silinda mpaka mwenyewe ayatoe.

Si kila kipimo kinafaa. Risasi ya .22, iliyo ya kawaida kabisa, haijazwi upya, kwa kuwa kilipuzi chake kimo ndani ya ukingo wa ganda. Ile ya kizamani ya .44-40 ina ganda lililobanwa shingoni, na kila ganda sharti lipakwe mafuta kabla ya kuingizwa katika kalibu ya kulirudishia umbo. Ganda lililonyooka, kama la .38 Special, .357 Magnum, .44 Magnum au .45 Colt, hutumia kalibu ya kabaidi isiyohitaji mafuta. Kwa mgeni hiyo ni kazi nusu.

Katika hayo manne, mizani ndiyo inayoamua. Baruti na vichwa hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Risasi ya shabaha ya .38 hutumia baruti ya takriban greni 4, hivyo ratili moja hutoa risasi zipatazo 1,750. Ile ya .44 Magnum iliyojazwa kwa nguvu kamili yaweza kula zaidi ya greni 20. Ratili ile ile haifikishi risasi 350. Ratili ya madini ya risasi hutoa vichwa 44 vya greni 158 vya .38, lakini 29 tu vya greni 240 vya .44.

Tuseme vifaa vimegharimu dola 300 na kila risasi inaokoa senti 15 ukilinganisha na ya dukani. Itabidi mtu apige risasi 2,000 kabla mtaji haujarudi. Anayepiga 50 kwa mwezi atasubiri zaidi ya miaka mitatu, na huyo afadhali anunue dukani.

Ushauri unaotolewa mara nyingi, na ambao hesabu inauunga mkono, ni kununua rivolva ya .357 Magnum na kuijazia maganda ya .38. Kichwa ni kile kile, na kalibu zile zile hufaa. Ganda la .357 lilifanywa refu zaidi kwa milimita 3 hivi, kwa makusudi, lisiingie katika silaha ya .38: kikomo cha shinikizo la .38 ni paundi 17,000 kwa inchi ya mraba, na cha .357 ni 35,000. Kero yake ni masizi yanayojikusanya mbele ya ganda fupi. Yasiposafishwa, ganda refu hukwama.

Lakini .38 ina mtego ambao wauzaji hawauweki mbele. Ilitolewa miaka ya mwisho ya karne ya 19, ganda likiwa na nafasi ya baruti nyeusi. Baruti ya kisasa hujaza sehemu ndogo tu, na ganda linaweza kupokea vipimo viwili bila kufurika. Risasi ya namna hiyo inaweza kupasua silinda mkononi. Kwa hiyo mashine ya kuanzia iwe ya hatua moja moja, maganda 50 yasimamishwe kwenye kibao na kumulikwa kwa tochi yote kabla vichwa havijawekwa, na kipimo cha baruti kitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji. Cha jirani hakitoshi.

Limebaki suala la fataki, ambazo hakuna anayejitengenezea nyumbani kwa usalama. Uhaba wa 2013, na tena ule ulioanza 2020, uliacha rafu tupu. Fataki ndogo za .38 ndizo pia za milimita 9, kwa hiyo mwenye rivolva hugombania boksi moja na umati wenye bastola. Upande wa wauzaji nao umebanwa: kati ya majina manne makubwa ya Marekani, yaani CCI, Federal, Remington na Winchester, matatu ya kwanza yalinunuliwa mwaka 2024 na Czechoslovak Group ya Ucheki kwa zaidi ya dola bilioni 2.