Boti ya Zamani ao Boti Mupya Kidogo?

Mufanyakazi wa mine akimaliza kazi, swali moja linaingia nyumbani: feza hii tuiweke wapi? Katika mwaka wa 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mapatano, na swali hili lilikuwa katika nyumba nyingi. Hata leo tunalisikia. Ndugu zetu wenye asili ya Kalemie na Moba wanawaza boti, ya kubeba unga, samaki na abiria juu ya ziwa Tanganyika.

Boti mupya kabisa iko bei kali. Wanatafuta basi iliyotumika, na njia ni mbili: ya zamani kwa bei ndogo, ao ya miaka michache kwa bei kubwa. Sisi tunasema hivi: usiulize kwanza miaka yake. Uliza itakula feza ngapi kisha kuinunua.

Watu wa ziwa wanajua Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka wa 1913, na Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka wa 1916, wakati wa vita. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipaka mashini mafuta mazito. Waingereza waliitoa ndani ya maji mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena. Kisha, mashini ya mvuke ikabadilishwa kwa moteri ya mazout. Ilidumu juu chuma chake kilikuwa kizuri na watu waliichunga.

Boti ya mbao ni vile vile. Ya zamani iliyojengwa na muti mugumu inaweza kushinda ya juzi, iliyopigwa misumari mbio-mbio na mbao mbichi. Mbao mbichi ikikauka inajikunja, nafasi zinafunguka, maji yanaingia.

Omba ivutwe inchi kavu. Rangi ya jana isikudanganye, inaweza kuficha mengi. Wewe wa chini ya mine unajua kugonga mwamba na baramine na kusikiliza kama uko mutupu. Gonga mbao vile vile, hasa chini na karibu na misumari. Sauti kavu ni muzuri. Sauti nzito, ingiza ncha ya kisu. Kisu kikizama kama ndani ya muhogo uliopikwa, muti umeoza. Musumari wenye kutu unakula muti unaouzunguka.

Kisha irudishwe majini, ilale humo siku mbili. Boti iliyokaa inchi kavu inaweza kuvuja kwanza, halafu mbao inavimba na kujiziba. Kama kisha siku mbili maji yangali yanaingia, kuko kazi ya pamba na goudron, ao ya kubadilisha mbao.

Moteri, iguse mbele ya kuwasha. Kama iko na moto, muuzaji ameiamsha mapema, na pengine anajua kwamba haiwaki ikiwa baridi. Ikiwaka, angalia kama maji ya kuipoza yanatoka sawasawa. Fungua mafuta ya gia chini: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Uliza pia vipande vyake kama vinapatikana Kalemie, ao mpaka vitoke mbali.

Kama muuzaji anakatala haya yote, mwambie asante na uende.

Sasa hesabu. Usimalize feza yote siku ya kununua. Weka kando sehemu moja kwa tatu ya kutengeneza, ya mafuta na ya majile ya kuokoa watu. Mutu asiye na feza hiyo achague boti ndogo yenye mwili mugumu, asichukue kubwa yenye kuomba fundi kila juma. Mapatano yaandikwe, mbele ya mashahidi, na mupitie kwa commissaire lacustre kwa karatasi zake.

Bibi yako naye awepo siku ya kuhesabu. Feza ya miaka mingi chini ya mine ni ya nyumba yote, na boti ikizama, nyumba yote inapoteza.