Je, Wajua? Zimwi Linaporudi Mara ya Pili

Kwenye kibanda umiza kuna sheria moja isiyoandikwa: steringi hafi. Filamu za kutisha zimeipindua sheria hiyo, maana humo asiyekufa ni adui. Atapigwa shoka, atazamishwa ziwani, atateketezwa, na mwakani utamkuta kwenye bango jipya lenye namba mbili, kisha tatu. Watengenezaji wakiishiwa namba hufanya marudio: hadithi ile ile, waigizaji wapya, kamera mpya. Mashabiki hawajawahi kukubaliana kipi kina afadhali, mwendelezo au marudio. Mimi niko upande wa marudio, kwa sharti moja nitakalolifikia.

JE, WAJUA kwamba kuna filamu ya kutisha iliyotoka siku moja na mwendelezo wake? Ilikuwa Japani, tarehe 31 Januari 1998. Ya kwanza ni Ringu ya Hideo Nakata, juu ya kanda ya video inayomuua kila anayeitazama baada ya siku saba. Ya pili, Rasen, iliongozwa na mtu mwingine ikaendeleza hadithi pale ilipoishia. Ringu ilivuma hadi nje ya Asia, Rasen ikazama. Kosa lake naliona hivi: Ringu inamwacha Sadako, binti aliyefunikwa uso na nywele zake, atambae kutoka ndani ya televisheni, basi. Rasen inamfuata na virusi na vipimo vya maabara. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakutaja zimwi unalolijua wewe, pengine kwa sababu hilo halikuli kabisa.

Mwaka 1999 Nakata alitoa Ringu 2 kana kwamba Rasen haikuwahi kuwepo. Wamarekani wakatoa marudio yao, The Ring, mwaka 2002, na ilipofika 2005 wakamwita Nakata mwenyewe aongoze The Ring Two. Ndivyo mtu alivyojikuta akiongoza mwendelezo wa marudio ya filamu yake.

JE, WAJUA kwamba Jason wa Friday the 13th, maarufu kwa kile kinyago cha mlinda lango wa hoki, siye muuaji wa filamu ya kwanza? Mwaka 1980 aliyekuwa akiua ni mama yake. Jason alirithi kazi mwaka 1981 akiwa amejifunika mfuko kichwani, na kinyago hakikuja hadi filamu ya tatu, 1982. Filamu ya nne, ya 1984, iliitwa The Final Chapter, yaani sura ya mwisho. Mwaka uliofuata ikatoka ya tano, A New Beginning, mwanzo mpya. Sijaona aliyeaga na kubisha hodi haraka hivyo, labda mgeni aliyesahau mwavuli.

(Kwetu "Part Two" imezoeleka kwa namna nyingine. Filamu nyingi za Bongo zilikatwa katikati ili hadithi moja iuzwe kwa diski mbili, na ukikosa ya pili hujui harusi ilifungwa au la. Huo si mwendelezo, ni biashara ya nusu mkate.)

JE, WAJUA kwamba uso wa Michael Myers, muuaji wa Halloween ya 1978, ni uso wa nahodha wa chombo cha angani? Filamu ilitengenezwa kwa takriban dola 300,000 tu, hivyo wakanunua kinyago cha bei rahisi cha William Shatner akiwa Kapteni Kirk wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Kinatisha kwa sababu hakisemi kitu. Kisha mwaka 1981 ikaja Halloween II na kutueleza kwamba msichana anayewindwa ni dada yake muuaji. Ikawa ugomvi wa kifamilia.

John Carpenter na Debra Hill, waliobuni hadithi, walitaka kila filamu inayofuata iwe na kisa kipya kabisa. Walijaribu mwaka 1982: Halloween III haina Michael, inahusu vinyago vya watoto vilivyotiwa uchawi. Watazamaji walikasirika wakimdai muuaji wao, akarudishwa mwaka 1988. Hapo ndipo mwendelezo unaponasa. Mtazamaji anadai zimwi lile lile, halafu analalamika kwamba halimtishi tena. Halloween ya 2018, ya kumi na moja kwenye mlolongo, ilifuta miendelezo yote iliyotangulia na hata ule udugu, ikaunga moja kwa moja na ya 1978. Kwangu mimi, mwendelezo unaofuta miendelezo ni marudio yanayoona haya kujitaja.

JE, WAJUA kwamba kuna marudio yaliyopigwa pamoja na filamu yenyewe? Mwaka 1930 studio ya Universal ilipokuwa ikitengeneza Dracula na Bela Lugosi, kundi jingine liliingia usiku kwenye mandhari zile zile na kuipiga kwa Kihispania. Hawa wa zamu ya usiku waliweza kutazama kazi ya mchana na kutafuta namna ya kuizidi. Dracula wao hamfikii Lugosi, ila kamera yao inatembea ilhali ya mchana imesimama, na wahakiki wengi wanaipa ya usiku ushindi.

Sharti langu linatokana na watu hao wa usiku: anayerudia lazima awe na ugomvi na filamu ya kwanza. Tazama Psycho. Mwaka 1998 Gus Van Sant alirudia kazi ya Hitchcock ya 1960 karibu picha kwa picha, akiongeza rangi na waigizaji wapya. Ilipoteza fedha na kuchekwa. Hakuwa na neno la kumwambia mzee.

Linganisha na Invasion of the Body Snatchers, juu ya viumbe wanaochukua sura za binadamu waliolala. Filamu ya 1956 iliwekewa mwisho wenye matumaini kwa shinikizo la studio. Marudio ya 1978 yaliyanyima matumaini hayo hata dirisha. Tena Kevin McCarthy, shujaa wa ile ya kwanza, anatokea humo akikimbia barabarani na kupiga mayowe ya onyo, kana kwamba hajapumzika kwa miaka 22. Na Don Siegel, mwongozaji wa 1956, ndiye dereva wa teksi.

Wa upande wa pili watanitajia Bride of Frankenstein ya 1935, na Aliens ya 1986, nami sina jibu zaidi ya kwamba kila moja iligeuza mkondo. Ya kwanza iliingiza kejeli palipokuwa na huzuni, ya pili ikaleta vita palipokuwa na maficho. Evil Dead II ya 1987 ndiyo inayotuchanganya sote: inaanza kwa kuisimulia upya filamu ya kwanza kwa dakika chache, kisha inaendelea.

Ninayoiweka juu ya zote ni The Thing. Kwenye Halloween, watoto wanaolelewa usiku ule wanatazama televisheni, na kinachoonyeshwa ni The Thing from Another World ya 1951. Miaka minne baada ya Halloween, Carpenter aliirudia. Ya zamani ilikuwa na jitu la asili ya mimea linalonyonya damu. Carpenter alirudi kwenye hadithi ya John W. Campbell ya 1938, ambamo kiumbe kinaweza kuwa yeyote kati ya wanaume waliokwama Antaktika. Wanapimana damu kwa waya uliopashwa moto, mmoja baada ya mwingine, na wewe unakaza meno. Ilitoka tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T., mgeni mpole aliyependwa na dunia nzima. Ikaanguka. Hata muziki wa Ennio Morricone uliteuliwa kuwania tuzo ya kejeli ya muziki mbovu.

Mwaka 2011 ilitoka The Thing nyingine, inayosimulia yaliyotangulia kwenye kambi ya Wanorwe, na inaishia palepale ya 1982 inapoanzia: mbwa anakimbia thelujini, helikopta ikimfukuza. Ila ya Carpenter inaishia kwa wanaume wawili, MacReady na Childs, kambi ikiteketea, wakipokezana chupa kwenye baridi, kila mmoja akimwangalia mwenzake kama bado ni mtu. Hakuna filamu iliyowahi kutengenezwa kutuambia.